Sahani Hairudi Tupu

Soseji ya nne ilipasuka tumbo, ikamrushia Mwalimu Wanyama mafuta kidoleni, na viazi chini yake bado vilikuwa vigumu kama kokoto. Alizima gesi. Akaiwasha tena. Akaikodolea macho ile sahani mezani kana kwamba ndiyo iliyomchoma.

Ilikuwa sahani nyeupe, ukingo wake una maua ya buluu. Haikuwa na kosa ila moja: ilikuwa safi, kavu, na inangoja kujazwa.

Miezi saba sasa. Jioni ile aliyoteremka kwenye boti hapa Faza, na begi moja na barua ya kuanza kazi sekondari, alifungua mlango akaikuta kizingitini. Ndani mahamri manane na mbaazi za nazi. Mtu, hakuna. Wanyama alikula akajiramba mpaka kiwiko.

Kesho yake mwalimu mwenzake, Abdulhalim, akamwonya. "Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, bwana. Na mwenyewe hatakuja kuidai. Ataona haya. Atakungoja tu, hata mwaka."

Basi Wanyama akakaanga mayai sita, akayapanga vizuri, akabisha hodi mlango uliopakana na wake, kwa Bi Ruba, mshonaji kofia. Bi Ruba akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Kumbe na nyinyi watu wa bara mna ada hizi?"

Siku ya pili sahani ikarudi na pilau.

Hapo ndipo alipokwisha. Pilau akaijibu kwa chapati. Chapati zikajibiwa kwa samaki wa kupaka. Akapeleka ugali na kuku, ikaja biriani. Ulikuwa mpira ambao upande mmoja tu ndio wenye kipa.

Alijaribu ujanja. Alijaza sahani biskuti za dukani, akaletewa halua. Akaificha siku nne chini ya kitanda; Bi Ruba akadhani mgeni anaumwa, akamtumia uji wa pilipili manga, na sasa akawa na vyombo viwili vya kurudisha badala ya kimoja.

Na kila alipotoka na sahani mkononi, kichochoro kizima kilikuwa na shahidi. Bi Barka, wa nyumba ya ng'ambo, hakuondoka barazani pake.

"Mwalimu, umeshiba?"

"Nimeshiba, Bi Barka, namshukuru Mungu."

"Basi vyema," alikuwa akisema, kisha akageuza uso ukutani.

Wanyama alijua anachekwa kitambi. Mashati matatu yalikuwa yamekataa kufungika.

Leo alitaka kula chake. Soseji hizi alizifuata Lamu mjini, akazipakata kwenye barafu safari nzima kama mtoto mwenye homa. Za ng'ombe, zenye alama ya halali, maana hata akiwa na hasira hakuwa mtu wa kumkosea jirani. Mama yake kule Kitale alikuwa akizipika hivi siku za mvua: viazi, kitunguu, soseji, vyote ndani ya kikaango kimoja. Alitaka kuketi sakafuni, kikaango mapajani, ale peke yake mpaka chuma kionekane.

Lakini soseji zilikuwa sita, na sahani inamtazama.

Kando yake ilikuwa fomu ya uhamisho, imejazwa. Kwenye sababu alikuwa ameandika "afya". Aliipenda shule hii. Kidato cha tatu walikuwa wameanza kuelewa hesabu, jambo lililowashangaza hata wao. Ila binadamu hawezi kusahihisha madaftari arubaini, kisha ashindane kupika na mwanamke aliyeanza kukuna nazi kabla hajaota meno ya utu uzima.

Viazi vililainika hatimaye, vimeungua upande mmoja. Wanyama alipakua nusu, akajifunga moyo. Angemwambia Bi Ruba uso kwa uso: tuache. Akishindwa, fomu itapanda boti ya Jumatatu.

Hakumaliza hodi ya pili. Bi Ruba alifungua, macho mekundu kwa moshi, nazi imemganda mikononi. Aliitazama sahani. Akatazama soseji. Kisha akaketi kizingitini kwa uzito, kama gunia lililoteremshwa.

"Mwalimu, nisamehe nikikuvunjia heshima. Mimi nimechoka."

"Umechoka nini, Bi Ruba?"

"Kukupikia. Kila siku nasema, yeo ndiyo siku, mtu huyu atatosheka. Wapi. Kofia za watu zimelala sizishoni. Mume wangu anauliza pilau ni ya nani, namwambia ya mwalimu, wewe kula ukoko. Na kukurudishia tupu siwezi. Nitakuwa mtu gani mimi?"

 Wanyama alicheka mpaka soseji moja ikakaribia kuanguka.

"Na mimi nimechoka, mama. Nimechoka kufa. Nilikuwa nakuja kukwambia tuache."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Ruba, akajipangusa jasho kwa upindo wa leso. "Tuache yeo hii. Lakini na wewe, mwanangu, nini kilikutuma uanze?"

"Mimi? Ulianza wewe. Yale mahamri na mbaazi, siku niliyofika."

"Mahamri yepi?" Bi Ruba alimwinulia uso. "Siku uliyofika nilikuwa Matondoni arusini. Mimi nilikuona umesimama hapa na mayai yako, na sahani nisiyopata kuiona maishani mwangu."

Ng'ambo ya kichochoro, Bi Barka alikuwa ameshasimama, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kuipokea sahani.