Msemaji wa Kisiwa cha Shungi

Sheria inataka kila kisiwa cha wangwa wetu, tambarare hii ya matope ya pwani, kiwe na msemaji, na msemaji huyo, tangu siku anayoapa, aseme "mimi" kwa niaba ya kisiwa, hata akiwa nyumbani. Kisiwa cha Shungi kilimpata mke wangu, Mwanakheri.

Sijaona mtu anayeijua kazi hiyo kama yeye. Jana, kwenye mkutano wa kupanga kurudisha mikoko, mhandisi alitandaza ramani yenye ukuta wa mawe upande wote wa kusini. Mwanakheri aliipitia kwa kidole, taratibu.

"Ukuta utaninyima tope," alisema. "Nipandeni mikoko kwa ndani, na huku nje mniachie mchanga wazi. Ndege membe wanataga pale."

Mhandisi alifuta ukuta wake bila ubishi. Mimi nilikaa nyuma, kifua mbele.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Na ile nyumba moja ya kusini?"

Ilikuwa yetu. Jiko lake Mwanakheri alilipaka chokaa mwenyewe, mwezi uliopita tu.

"Inaziba njia ya maji," alijibu. "Ivunjwe."

Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Nami nilisimama, maana alikuwa amesema kweli.

Leo asubuhi alinimiminia chai jikoni, akaketi kando yangu akitazama kuta nyeupe.

"Mama Rukia," nikamwita kwa jina la binti yetu, "kisiwa nimekisikia. Mke wangu je, anasemaje?"

Alipitisha kidole kwenye chokaa ya ukuta.

"Nadhani atalia," akasema. "Ukimwona, mbembeleze."