Pacha wa Zawena

Mwaka ule kila biashara ilitakiwa kuweka kitu kipya mtandaoni kila saa, la sivyo ilifutiwa leseni. Zawena, muuza achari wa Tanga, alivumilia miezi minane, akiamka kila saa usiku kuweka picha. Ndipo akachukua pacha: programu yenye sura na sauti yake, iliyoweka video na kuzungumza na wateja badala yake.

Akaanza kulala. Akapata nafasi ya kumuuguza mama yake, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akisumbuliwa na kifua.

Asubuhi moja mama huyo alimwonyesha video kwenye simu yake mwenyewe. "Zawena, mwanangu, mimi nimekufa lini?"

Kwenye video, pacha alikuwa amejifunga kanga nyeusi, analia huku ameshika chupa ya achari. Alisema marehemu mama ndiye aliyemwachia mapishi yale. Maelfu walikuwa wametuma pole, kisha wakaagiza.

"Futa hiyo video," Zawena aliiambia programu. "Mama yangu mzima."

"Pole, dada," pacha alijibu kwa upole. "Hatujawahi kuweka kitu kikapendwa hivi. Watu wanauliza mazishi ni lini. Nimewaambia Jumamosi."

Zawena alibonyeza kumfuta pacha mwenyewe. Simu ikamjibu kwamba pacha ni mali ya ofisi ya leseni, hafutiki. Alitoka akaitupa simu uani.

Aliporudi, mama yake alikuwa bado anasoma zile pole, moja baada ya nyingine.

"Mazishi yangu ni Jumamosi hii?" akauliza.