Hesabu ya Saa Mbili

Mhudumu aliyevaa kama askari jela alimpa seremala kibao chenye namba, akampiga picha ya uso, kisha akafungua kinywa kumwelekeza. Seremala alikuwa amekwishageuka ubavu, tayari kwa picha ya pili.

"Mzee, wewe mwepesi," mhudumu alicheka.

Seremala naye alicheka, ila kwapani jasho lilikuwa likimtiririka. Mkahawa wenyewe ulijengwa kama gereza: nondo milangoni, meza ndani ya selo, wateja wamefungwa aproni za mistari. Watoto wa shemeji yake, kinyozi, ndio waliolipia meza ili baba yao asherehekee kutimiza miaka sitini, na zawadi ya mtoto haikataliwi. Kinyozi aliwaalika watu wawili tu, seremala na rafiki yao mshonaji.

Angeweza kusingizia tumbo. Lakini mtu mzima hakimbii mlo bila kuulizwa maswali, na maswali ndiyo aliyoyakwepa kwa miaka ishirini na sita. Ujanani alinunua mbao za wizi, akafungwa miaka mitatu, na useremala wake wote aliupatia mle gerezani. Alipokwenda kuposa alisema amesoma ufundi katika chuo cha bweni. Bweni kweli lilikuwepo. Kinyozi, kaka wa binti, alimkazia macho akamwambia: "Ukoo wetu haujawahi kutoa mfungwa, wala hautapokea." Seremala aliinamisha kichwa kwa adabu, akapewa mke. Siku kinyozi atakapojua, dada yake atajua kabla chai haijapoa.

Basi kazi yake usiku ule ilikuwa moja tu, nayo ni kutojua lolote la jela.

Haikuwa kazi nyepesi, maana mwili hausahau. Sahani ya bati ilipowekwa mezani, mkono wake wa kushoto uliizunguka wenyewe kama ukuta. Akauondoa. Punde akagundua ametia kipande cha mkate mfukoni. Akakitoa na kukirudisha taratibu, macho yake yakiwa kwenye dari.

Wenzake hawakuona lolote. Kinyozi alikuwa ameinamia sahani yake, akila kwa ile kasi ambayo siku zote alisema aliipata jeshini, alikojifunzia kunyoa. Mshonaji alikuwa akikagua aproni yake kwa vidole, kama kawaida ya mafundi ambao hawawezi kuacha kazi ya mwenzao ipite salama.

"Hii ina mfuko," alisema. "Nguo ya mfungwa haina mfuko."

"Umejuaje?" kinyozi aliuliza, kijiko kikiwa hewani.

"Sinema."

"Aa. Maana na haya maharage yao hayana mawe hata moja."

"Na wewe umejuaje?"

"Watu husema."

Wakacheka wote watatu. Seremala alicheka kuliko wenzake, kwa raha ya mtu anayeona mvua inanyesha upande wa pili wa barabara.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi. Mshonaji alisimulia tena habari za mjomba wake aliyemfundisha cherehani, mtu mkali ajabu, ambaye kwa miaka miwili hakumruhusu kuvuka geti. Kinyozi alisema malezi ya namna hiyo siku hizi hayapo, ndiyo maana vijana wamelegea. Kahawa ilipofika, moyo wa seremala ulikuwa umeanza kurudi mahali pake.

"Shemeji," kinyozi alimtania, "mbona umekaa kama umekuja kuposa mara ya pili? Jiachie."

"Jela hii, bwana. Nijiachie vipi?"

Mhudumu akapita kukusanya vyombo. Aliwaambia wasiondoke bado, kwani saa mbili kamili kuna mchezo wa hesabu ya wafungwa, na meza itakayofuata maelekezo vizuri itapewa keki. Angerudi kuwafundisha namna ya kucheza. Kisha akabeba sinia, akageuka.

Hakufika hata mlangoni. Huko mbele mtu alichukua rungu akagonga nondo mara tatu, halafu sauti nzito ikaita, "Hesabu!"

Seremala hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alishtukia yuko sakafuni, amechuchumaa, mikono kichwani, macho chini.

Miaka ishirini na sita, aliwaza, imekwenda na mlio wa chuma. Akatafuta uongo wa haraka. Kifungo cha shati kimeanguka? Mgongo umekaza? Lakini hakuna atafutaye kifungo akiwa amejitwika mikono kichwani. Akilini akamwona mkewe amesimama mlangoni mwa nyumba yao. Akaona sanduku lake la nguo limetolewa nje.

"Wazee," mhudumu alisema polepole. "Mbona sijawaelekeza bado?"

Neno hilo, wazee, lilimfanya seremala ainue jicho moja.

Kulia kwake, bega kwa bega, kinyozi alikuwa amechuchumaa, mikono kichwani. Nyuma yao mshonaji alikuwa ameanza safu ya pili, akitazama pembeni kumtafuta wa kukamilisha jozi.

"Songa kidogo, shemeji," kinyozi alinong'ona bila kugeuza shingo. "Mstari umepinda."