Pofu wa Mkwaja

Dorkasi alirusha majivu hewani kwa mara ya nne asubuhi ile, na kwa mara ya nne yakamrudia usoni. Kwao Usambara upepo wa asubuhi huteremka mlimani. Hapa Mkwaja ulitoka baharini, tena ukigeuka haukuaga mtu. Akafuta macho, akasonya. Lazima aujue kabla ya Alhamisi, maana pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akishanusa binadamu, ndiyo basi.

Yeye na mumewe Kristofa walikuwa wameikimbia kazi ya kukata mkonge, wakaja kuomba shamba. Jumbe Idarusi akawapa sharti la mji: nyumba ngeni ilete pofu mmoja, nyama ifike kila mlango, ndipo ipimiwe ardhi. Muda ni siku saba. Zikipita mikono mitupu, warudi walikotoka. Watu wa barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakata mkonge na pofu, wapi na wapi?

Hasira zilimpanda Dorkasi. Kurudi kwenye mkonge? Afadhali afe.

"Tutamleta," alisema, wala hakuinamisha uso.

Basi akaanza kuuliza: pofu hunywa maji wapi, hulamba chumvi wapi, njia ipi ina matope. Waliomjibu walisema mumewe ana bahati, ameoa mdomo. Dorkasi akameza, akaweka kila neno kichwani. Mchana akaanika baruti juani, akalipangusa gobore aliloachiwa na marehemu babake, mzee Zebedayo, aliyewinda Usambara nzima na hakujaliwa mtoto wa kiume.

Bibi Wanu, jirani yao aliyezaliwa Pemba na kuzeekea Mkwaja, akaja kuwafunda. Mwindaji akiwa porini, alisema, mwenzake aliyebaki nyumbani hukaa mwiko. Hafagii, haogi, hagombani na mtu, wala hatoki nje. Akivunja moja tu, pofu humgeukia mwindaji na pembe zake.

"Sisi Walutheri hatuna mambo hayo," Dorkasi alisema.

"Pofu haulizi mtu dini, mwanangu."

Kristofa, mtu mpole asiye na maneno mengi, ndiye aliyesikiliza hasa. Akauliza kama kunawa mikono nako kunahesabiwa kuoga. Bibi Wanu akacheka sana. Wanaume, alisema, wana wivu mpaka na maji ya wake zao.

Alhamisi alfajiri mzee Ame mchinjaji akapiga hodi, kisu kiunoni. Asipomchinja yeye pofu kabla hajakata roho, hakuna Mwislamu atakayeionja nyama ile, na shamba ndiyo limepotea. Nyuma yake walisimama watu sita wa barazani, wamejidamkia kuja kumcheka mwindaji akitoka.

Dorkasi akafungua mlango, akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mwite mumeo, jua halitungoji."

Mlango ulikuwa wazi na wote walimwona Kristofa. Alikuwa ameketi karibu na moto, mikono magotini, wala hakuinuka.

Dorkasi akatia gobore begani, akatoka.

"Tangulia, mzee wangu," alisema. "Mume wangu amekaa mwiko."