Shati la Upande wa Pili

Mvumo wa cherehani ulimfikia Mzee Ngwali kabla hajauona uzio. Alikuwa ameshuka kwenye treni mpya asubuhi hiyo, kumtazama binti yake anayeshona nguo katika eneo huru la biashara, kando ya bandari. Siwema alitoka saa ya chakula, wakashikana vidole kupitia matundu ya waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipe shati moja nirudi nalo. Majirani wananicheka: binti anavisha dunia, baba ana kiraka mgongoni!"

Siwema alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Nguo za humu hazipiti langoni, baba. Zinaingia kwenye behewa, kisha melini. Nikikutwa na moja, kazi sina."

Mzee aliyatazama mabehewa yaliyojaa. "Basi watu wa ng'ambo wako karibu nawe kuliko mimi."

Binti alivua utepe wa kupimia shingoni, akaupenyeza kwenye waya. "Geuka."

Mzee akauegemeza mgongo wake kwenye uzio. Siwema akampima taratibu, kutoka bega hili hadi lile, vidole vikigusa kile kiraka. King'ora cha kurudi kazini kikalia. Hakuondoka mpaka alipomaliza mikono.

"Usirudi leo, baba. Kalale kwa shangazi. Kesho sina zamu. Nitanunua kitambaa changu, niazime cherehani huko nje. Dunia itasubiri. Treni ya kesho kutwa utaipanda umevaa shati nililokushonea mimi."