Nani Aende Mirihi

Mdahalo wa kidato cha pili pale shule ya Katubuka ulikuwa unafikia mwisho: nani aende sayari ya Mirihi, roboti au binadamu?

"Roboti ikipotea hakuna mama atakayelia," alisema msichana wa upande wa roboti. "Mtu akifia huko, hata mwili haurudi."

Makofi yakalipuka, kisha yakakatika ghafla. Wote walikumbuka kuwa mtoto wa Mwalimu Elida, mwamuzi wa mdahalo, alizama ziwani akivuka kwenda Kongo, wala hakupatikana.

"Nisamehe, mwalimu," alisema msichana yule.

Chaki ilimvunjikia Elida kiganjani. "Umesema kweli, mwanangu."

Hata hivyo, machozi yakimtiririka, aliwapa ushindi waliotetea binadamu.

"Wangu hakutumwa na mtu," alisema. "Alitaka kuiona ng'ambo kwa macho yake mwenyewe."