Mchezo wa Kukataa

Babu alikuwa amekufa tena, na safari hii alikufa vibaya kuliko ya kwanza. Alianguka kifudifudi katikati ya uwanja, watazamaji wakaguna, kisha kioo cha simu kikawa cheusi.

"Umemeza tena, mzee," mjukuu wake alisema, hoi kwa kicheko. "Nimekwambia kukataa ni hapa. Wewe unabonyeza hapa."

"Vidole hivi vimeshika pembe za mafahali maisha yote, mke wangu. Vitajuaje kubonyeza vitu vidogo kama kunguni?"

Ndio utani wao wa siku zote, yeye mke, babu mume, na nyumba ya watu wawili ikachangamka kama ya watu kumi. Mama wa binti alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Babu, bwana mifugo mstaafu, akamlea mwenyewe. Alijifunza hata kusuka nywele, ingawa misuko yake ya mwanzo majirani waliidhania ni adhabu.

Mchezo wenyewe uliletwa na chama cha riadha, kila kijana wa timu akawekewa kwenye simu. Humo kuna mwanariadha mwenye kichwa kikubwa na miguu kama njiti. Anafanya mazoezi, na njiani wanamtokea watu wenye vidonge vya kumwongezea nguvu. Ukikataa, unapanda ngazi. Ukikubali, unavimba misuli, unashinda mara mbili tatu, kisha ini linakufa, na wewe unalifuata.

Binti alikuwa mrusha tufe, lile pira la chuma. Mwaka uliopita alishika mkia kwenye mashindano. Alirudi akalala ameugeukia ukuta, hali, hasemi, mpaka babu akaanza kuogopa kumwacha peke yake chumbani. Mzee akajiapia kwamba mtoto huyu hatalia tena namna ile ndani ya nyumba yake.

Na kweli, hakulia tena. Tufe lilianza kwenda mbali, kila wiki mbali zaidi. Mabega yakatanuka, chunusi zikajaa kidevuni, sauti ikakwaruza kama ya dalali wa mnadani. Jumamosi hii akishinda, anaingia timu ya taifa ya vijana.

Hayo ndiyo yaliyomleta kocha jioni ile. Alipewa kiti, akabaki amesimama. Binti alikuwa bado njiani kutoka dukani.

"Mzee, sitazunguka. Nguvu za huyu mtoto zimekuja haraka mno. Kuna mtu anampa kitu."

Babu alimkazia macho. "Anashinda kwako kutwa nzima. Maji anakunywa yako. Halafu unakuja kuniuliza mimi?"

Kocha alisogea karibu. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe atakwambia asichoniambia mimi. Nina mabinti, mzee. Sitaki kumbeba wa mwenzangu kwenye machela."

"Jumamosi watawapima?" babu aliuliza.

"Hapa kwetu? Thubutu. Vipimo viko huko juu. Sisi kwanza wametuletea mchezo."

Alipoondoka, babu alikaa ameshika tama mpaka mjukuu akarudi na mfuko wa sabuni.

"Kocha wako alikuwa hapa."

"Najua, nimepishana naye njiani. Amenuna kama kadaiwa. Alitaka nini?"

"Kukusifu," babu alisema. "Hebu niambie. Humo kwenye mchezo, vidonge vinaletwa na akina nani?"

Binti alihesabu kwa vidole. "Kocha. Rafiki. Daktari feki. Na jamaa mmoja wa kijiweni ana begi, yule ndiye anakuua wewe kila siku."

"Wengine?"

"Hao tu."

Babu alishusha pumzi. "Basi hao wote uwakatae."

"Nawakataa, mbona. Na ngazi ya mwisho unaapishwa kwamba cha nje hukigusi, unakula na kunywa cha kwenu peke yake. Nimeapa, babu. Leo kocha kanipa maji, nikayamwaga mbele yake. Ndio maana kanuna."

"Umefanya vizuri, mke wangu."

"Sitaki waseme nilibebwa na vidonge. Nikishinda, niwe mimi."

Aliinama kuvua viatu, akasita, akajishika ubavu wa kulia, chini ya mbavu.

"Bado hapo?"

"Panachoma kidogo. Mazoezi tu."

"Mazoezi," babu alisema.

Binti alipokwenda kuoga, mzee aliichukua simu. Safari hii hakukosea. Alimeza kila alichopewa, makusudi, mpaka akaufikia ule mwisho, ini likageuka jeusi na yule mwenye kichwa kikubwa akaanguka. Aliutazama mara mbili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Katuni," alisema, na chumbani hakukuwa na mtu.

Jumamosi asubuhi gari la timu lilipiga honi barabarani. Binti alitoka amevaa sare, ameshika chupa kubwa kuliko zote zilizokuwamo ndani ya nyumba.

"Leo nijazie hii, mume wangu. Kutakuwa na joto, na kule sigusi cha mtu. Kinywaji changu ni chako tu."

"Kawaambie wasubiri."

Babu aliingia jikoni, akarudisha komeo. Maziwa yalikuwa yameshapoa. Akatoa vidonge viwili kwenye mkoba wake wa zamani wa kazi, kama kila asubuhi, akavisaga kwa kitako cha glasi na kuvikoroga humo mpaka visionekane. Honi ikalia tena. Akaipima chupa kwa macho, akaona kweli ni kubwa, akaongeza cha tatu.